Baal-zebubu wa Wafalme na Beelzebuli wa Injili: jina moja au mawili? Wajuzi karibuni

#1 Mjukuu wa Mwinjilisti

Wakuu, salaam.

Alhamisi jioni kwenye jumuiya tulisoma 2 Wafalme sura ya 1. Mfalme Ahazia ameanguka kutoka chumba cha juu huko Samaria, yuko kitandani, anatuma watu Ekroni kwa Wafilisti wakamuulize Baal-zebubu kama atapona. Eliya anawakatiza njiani. Mzee mmoja wa kanisa akasema huyo ndiye Beelzebuli wa Mathayo 12, mkuu wa pepo. Mama mmoja, ambaye Biblia yake imesomwa mpaka kurasa zimelegea, akafungua Mathayo, akaweka kidole kwenye mstari: "Kule ni BU, hapa ni LI. Mnaniambiaje ni mmoja?"

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Nimeombwa nilete majibu Alhamisi ijayo.

Maswali yangu: jina hili lina maana gani? Kwa nini BU imegeuka LI? Na je, watu wa Ekroni wenyewe walimwita hivyo mungu wao?

Nawasilisha.

#2 Kanga Moko

Mada nzito. Nimekaa mkeka wa mbele.

#3 Mwalimu wa Zamu

Mkuu, jibu fupi ni kwamba zebubu ni nzi. Neno hilo hilo la Kiebrania limo kwenye Mhubiri 10:1, wale nzi waliokufa ndani ya marhamu ya mtengeneza manukato wakayavundisha, na kwenye Isaya 7:18, nzi wa Misri anayeitwa kwa mluzi. Baali ni bwana, mwenye mali, mume. Unganisha: Bwana wa Nzi.

Wayahudi wa kale walilielewa hivyo. Waliotafsiri Agano la Kale kwa Kigiriki kabla ya Kristo hawakuliacha jina kama lilivyo, walilitafsiri: Baali Nzi. Yosefo naye, mwanahistoria wa karne ya 1, anaposimulia kisa cha Ahazia anasema mfalme alituma kwa Nzi, mungu wa Ekroni. Hapo sioni cha kubishania.

#4 Bin Shangani

Namuunga mkono Mwalimu wa #3 kwa upande wa lugha, na ushahidi mnao midomoni mwenu kila siku.

Kiarabu nzi ni dhubabu. Herufi dhali ya Kiarabu kwenye Kiebrania mara nyingi inakuwa Z. Sisi tunasema dhahabu, Waebrania wanasema zahabu. Sisi dhabihu, wao zebahi. Kwa hiyo dhubabu na zebubu ni ndugu wa tumbo moja.

Na kwa kuwa tumefika kwa nzi, mwenye Msahafu afungue Surat al-Hajj aya ya 73. Hao mnaowaomba badala ya Mwenyezi Mungu hawawezi kuumba hata nzi mmoja, wajapokusanyika wote, na nzi akiwapokonya kitu hawawezi kukirudisha. Baali mwenyewe naye katajwa kwa jina, as-Saffat 125, na anayemtaja ni Nabii Ilyas, yaani huyo huyo Eliya wenu. Anawauliza watu wake vipi wamwombe Baali wamwache Mbora wa waumbaji.

#5 Mjukuu wa Mwinjilisti

Asante Bin Shangani. Sikujua kama Eliya na Baali wamo pamoja na huko. Hii naibeba.

#6 Jiwe la Pembeni

Naomba nisimamishe gari kidogo. Mwalimu anasema hakuna cha kubishania, mimi nacho.

Katika Agano Jipya la Kigiriki jina hili limetokea mara 7 na karibu nakala zote za kale zinasoma Beelzebuli, kwa L. Nakala ya Vatikani, moja ya nakala za kale za Kigiriki, ina Beezebuli, bado L. B ya mwisho imeingia baadaye kwenye tafsiri za Kisiria na Kilatini. Jeromu, mtafsiri wa Biblia ya Kilatini, ndiye aliyesisitiza kabisa kwamba herufi ya mwisho isomwe B na si L, kwa sababu zebubu ni nzi. Maana yake alisahihisha Injili kwa kutumia Wafalme. Tafsiri zetu za Kiswahili zilizoandika Beelzebuli zimefuata Kigiriki, na yule mama wa jumuiya alisoma vizuri kuliko wengi.

Sasa zebuli ni nini? Mwaka 1928 mkulima mmoja huko Ras Shamra, pwani ya Siria, aligonga kaburi la kale kwa jembe. Uchimbaji ukaanza 1929 chini ya Claude Schaeffer, ukatoka mji wa Ugariti na vibao vya udongo vyenye tenzi za Baali zilizoandikwa na watu waliokuwa wakimwabudu. Kabla ya hapo habari zake nyingi tulizisoma kwa wapinzani wake. Humo Baali akifufuka panatangazwa: yu hai Baali, yuko ZBL, bwana wa nchi. ZBL, yaani zebuli bila irabu, ni mkuu, mtukufu, mwana wa mfalme.

Kwa hiyo jina la asili ni Baal-zebuli, Bwana Mkuu. Mwandishi wa Wafalme, aliyechukia ibada hiyo, akageuza herufi moja tu. Mkuu akawa nzi. Injili imehifadhi jina la zamani kuliko Wafalme.

#7 Mwalimu wa Zamu

Jiwe, hoja yako ina mwiba. Injili zimeandikwa miaka mia kadhaa baada ya Wafalme. Unaniambia watu wa Galilaya walikumbuka jina halisi ambalo maandiko yao wenyewe hayana? Walilipata wapi?

#8 Jiwe la Pembeni

Mdomoni kwa watu. Jina la mungu halifi kwa sababu karani ameligeuza kwenye kitabu.

#9 Binti Mwaloni

Jamani mimi si msomi wa Kiebrania. Mimi naanika dagaa Mwanza na nauza pale Kirumba.

Mnauliza nani amwite mungu wake Nzi. Njooni msimu wa mvua, jua limekataa kutoka siku ya pili, dagaa wako kwenye chanja hawajakauka. Saa nne asubuhi hamwoni dagaa tena, mnaona weusi unaotembea. Ukipitisha mkono wananyanyuka wote kwa mlio mmoja, mkono ukipita wanarudi. Siku ya tatu mzigo una funza na mtaji umekwenda. Mtu akikwambia yuko mwenye uwezo wa kuwaamuru nzi waondoke, utamwita kwa jina hilo hilo na hutaona ni tusi. Bwana wa Nzi ni yule anayewatawala.

Kwangu mimi hilo ni jina la sifa.

#10 Kanga Moko

Binti Mwaloni umeandika kitu hapa. Nimewaona hao nzi.

#11 Msafiri wa Tanga

Naongezea kwa Binti Mwaloni, na ana wenzake wa zamani. Wagiriki walikuwa na Zeu Mfukuza Nzi, Zeu akiwa mungu wao mkuu. Pausania, msafiri wa karne ya 2, anaeleza kwamba shujaa wao Herakle akitoa dhabihu Olimpia alisumbuliwa na nzi, akamtolea Zeu kwa jina hilo, nzi wakavuka mto wakaondoka. Na watu wa Elis wakaendelea kumtolea kwa jina hilo.

Na Wafilisti asili yao ni visiwa na pwani za huko Wagiriki. Amosi 9:7 anasema walitoka Kaftori, na wengi wanaielewa kuwa Krete. Halafu soma 1 Samweli 6: tauni imewapiga, makuhani wao wanaagiza wachonge majipu matano ya dhahabu na panya watano wa dhahabu. Ekroni ni mmoja wa miji hiyo mitano. Waliochonga panya wa dhahabu kuondoa panya wangeshindwa nini kuwa na nzi?

#12 Jiwe la Pembeni

Msafiri, panya tunao kwenye andiko. Nzi wa dhahabu huna, umemwongeza wewe.

#13 Msafiri wa Tanga

Kweli, sina. Nimesema inawezekana.

#14 Mama Zawadi Kigamboni

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba.

Mimi jina hili lina kovu kwangu. Nikiwa na miaka kumi na moja nilikuwa naanguka kifafa. Nikapelekwa kwa mhubiri mmoja, simtaji. Alinishika kichwa kwa mikono miwili akawa anapiga kelele sikioni, "Beelzebuli, toka!" Sikujua Beelzebuli ni nani. Nilikumbuka tu nzi aliyekuwa anatembea kwenye ukingo wa ndoo ya maji ya baraka, nikawa namwangalia yeye kwa sababu kila mtu mwingine alikuwa amefumba macho. Niliporudi shule wenzangu wakaniita Beelzebuli mpaka darasa la saba.

Kifafa kilitulia nilipopata dawa hospitali. Leo nikiwa na miaka 46 ndiyo nasikia kwamba maana yake ni nzi. Nimekaa na simu mkononi muda mrefu. Endeleeni, nasoma yote.

#15 Mjukuu wa Mwinjilisti

Mama Zawadi, marahaba hiyo naipokea mimi mdogo wako. Pole sana, na asante kwa kutuamini na habari hiyo.

#16 Bin Shangani

Pole dada yangu.

#17 Daftari Jeusi

Nirudi kwenye hoja ya kugeuza majina, maana Jiwe amesema "akageuza herufi moja" bila kutoa mfano, na mifano ipo tele.

Mtoto wa Sauli kwenye Nyakati anaitwa Eshbaali, mtu wa Baali. Kwenye Samweli ni Ish-boshethi, mtu wa aibu. Yule kilema wa miguu kwenye Samweli ni Meribaali, kwenye Nyakati Mefiboshethi. Gideoni anaitwa Yerubaali kwenye Waamuzi, halafu 2 Samweli 11:21 anaitwa Yerubeshethi. Boshethi ni aibu. Waandishi walikuwa wakifika kwenye Baali wanaweka aibu, msomaji asilitamke.

Ukishajua tabia hiyo, kutoka zebuli kwenda zebubu si safari ndefu.

#18 Mwalimu wa Zamu

Daftari, mfano wa pili umeugeuza. Meribaali yuko Nyakati (1 Nyakati 8:34), Mefiboshethi ndiye wa Samweli. Mingine iko sawa.

Ila tazama: katika mifano yako yote waliondoa neno BAALI. Kwa mungu wa Ekroni Baali kabakizwa mzima na kilichoguswa ni neno la pili. Hiyo si tabia ile ile.

#19 Daftari Jeusi

Nakubali marekebisho ya Mefiboshethi, niliandika kwa haraka. La pili sikubali. Wale walikuwa watu wa Israeli, ndugu zao, wakalindwa na jina baya. Huyu alikuwa adui, wangemlinda na nini?

Na kuna kitu hamjakigusa. Ahazia ni mtoto wa nani? Wa Ahabu na YEZEBELI. Sikilizeni hilo jina. Wapo wanaosema mwisho wake ulikuwa zebuli ile ile, kama mwito wa kumtafuta Baali, "yuko wapi Mkuu?", kisha irabu zikapindwa isikike zebeli, ambayo ni samadi. Kwenye 2 Wafalme 9:37 mzoga wake unaambiwa utakuwa kama samadi shambani. Mama na mtoto, kila mmoja anakutana na zebuli iliyoharibiwa.

#20 Bin Shangani

Hapo Daftari umenigusa, kwa sababu Kiarabu zibli mpaka leo ni samadi na takataka. Mzoa taka ni zabbali.

Na marabi wa Kiyahudi walilitumia tendo hilo, kutia samadi, kama neno la dharau kwa kuchinjia sanamu. Kwa hiyo kuna maana nyingine: Beelzebuli kuwa Bwana wa Samadi, na nzi na samadi wanafahamiana.

#21 Kijana wa Mbagala

Wakuu naomba kuuliza. Baali maana yake bwana. BAALI, BWANA. Ina maana neno letu bwana limetoka kwa huyu mungu? Tukisema Bwana asifiwe tunamsifu nani?

#22 Mwalimu wa Zamu

Hapana, kijana. B ya mwanzo haitoshi kuwa undugu. Bwana wengi hulilinganisha na Kiarabu abuna, baba yetu. Baali ina herufi aini katikati, Kiswahili kikiichukua ingekuwa baali au bali, W ya bwana haipati pa kutokea.

Ila wasiwasi wako hauko peke yako. Hosea 2:16, Mungu anawaambia Israeli hamtaniita tena Baali, mtaniita Ishi, mume wangu. Neno lilikuwa halina kosa, lilikuwa limechafuliwa na matumizi.

#23 Bin Shangani

Na kwenye Qurani Bibi Sara anapobashiriwa mtoto anashangaa: nizae ilhali mimi ni mkongwe na huyu BAALI wangu ni mzee? Surat Hud aya ya 72. Baali hapo ni mume tu, Nabii Ibrahimu. Hakuna aliyedhani anamtaja sanamu.

#24 Mswahili wa Amman

Nimecheka kidogo kwa furaha kuona uzi huu. Niko Jordan mwaka wa sita sasa.

Hapa sokoni ukienda kununua nyanya au tango, muuzaji anakunong'oneza: "Hizi ni BAALI." Kichwani kwangu nilikuwa na Eliya na Mlima Karmeli, nikasita kununua. Mama niliyekuwa naye akanieleza: baali ni mazao yaliyokunywa mvua tu, shamba ambalo halikumwagiliwa. Nyanya zake ni ndogo, ngozi ngumu, zina michubuko, lakini ukikata moja harufu inajaa jiko. Bei iko juu.

#25 Bin Shangani

Hilo limo hata kwenye hadithi za zaka. Kilichonyweshwa na mbingu, mito na chemchemi, au kikiwa baali, zaka yake ni ushuri, sehemu moja ya kumi. Kinachomwagiliwa kwa kazi, nusu ya hiyo.

#26 Jiwe la Pembeni

Basi mnaona. Baali alikuwa mungu wa mvua. Karmeli ugomvi ulikuwa ni nani anayeleta mvua baada ya ukame. Ibada imekufa, na shamba linalongoja mvua bado linaitwa la kwake. Ndiyo maana #8 nilisema jina halifi kwa sababu ya karani.

#27 Binti Mwaloni

Mswahili, hizo nyanya ndogo za mvua hata sisi tunazijua, ni kweli tamu. Ila mmeanza na mungu wa Ekroni sasa tuko gengeni.

#28 Msafiri wa Tanga

Turudi Ekroni basi, maana mleta mada aliuliza watu wa mji wenyewe walisemaje, na hilo halijajibiwa.

Ekroni imechimbwa, mahali panaitwa Tel Miqne, kuanzia 1981 mpaka 1996, wakiongoza Trude Dothan na Seymour Gitin. Mji wa mafuta ya zeituni, mitambo ya kukamulia zaidi ya 100. Msimu wa mwisho, 1996, kwenye magofu ya hekalu wakakuta jiwe lenye maandishi ya mfalme wa mji: nyumba hii ameijenga Akishi mwana wa Padi, na anataja nasaba yake, kisha anamwomba bibi yake ambariki na amlinde. Bibi! Mungu wa kike, jina lake linasomwa Ptgyh, na wanaolisoma hawapatani hata herufi zake.

Nzi hayupo. Zebuli hayupo.

#29 Daftari Jeusi

Lakini kulikutwa pia mtungi wenye maandishi "kwa Baali na kwa Padi", yaani kwa mungu na kwa mfalme. Baali alikuwepo Ekroni. Kilichokosekana ni neno la pili, ambalo ndilo tunaligombania.

Na hayo yote ni ya karne ya 7 kabla ya Kristo. Ahazia ni wa karne ya 9. Miaka 150 hekalu linaweza kubadilisha mwenyewe.

#30 Mchungaji Mstaafu

Amani kwenu wanangu. Nimesoma kuanzia juu. Nina mawili.

Kwanza, ipo njia nyingine isiyopita kwa nzi wala kwa mkuu. Kisiria kina neno beeldebaba, maana yake adui, na Kiakadi, lugha ya kale ya Babeli, kina bel dababi, mtu unayeshindana naye kwa maneno, mpinzani shaurini. Wapo wataalamu wanaoona Beelzebubu limeathiriwa na hilo. Na Shetani nalo kwa Kiebrania ni mpinzani, mshitaki. Mimi sina uhakika nalo kwa sababu D kugeuka Z hapo inadai maelezo, lakini msilisahau.

Pili, someni Mathayo 10:25 polepole. "Ikiwa wamemwita mwenye nyumba Beelzebuli..." Kwa nini Bwana Yesu alisema mwenye nyumba? Zebuli kwenye 1 Wafalme 8:13 ni makao, Sulemani amemjengea Mungu nyumba ya zebuli. Isaya 63:15, Mungu anatazama kutoka zebuli yake takatifu. Habakuki 3:11, jua na mwezi vinasimama kwenye zebuli yao. Baal-zebuli ni Mwenye Makao, mwenye nyumba. Wamemtukana kwa jina hilo, naye amelifungua mbele yao akaonyesha limebeba nini. Nilihubiri mstari huo miaka thelathini bila kuliona. Siku nilipoliona nilisimama jikoni na kikombe mkononi, mke wangu akaniuliza kama naumwa.

#31 Mjukuu wa Mwinjilisti

Baba Mchungaji, shikamoo. Hapo umenipa somo zima la Alhamisi.

#32 Mwalimu wa Zamu

Shikamoo Mchungaji. Nakubali mchezo wa maneno wa Mathayo, unaonyesha LI ni ya kweli karne ya 1. Hauonyeshi Ekroni walisema nini zaidi ya miaka 800 kabla.

Na nina swali kwa kambi ya Jiwe. 2 Wafalme 1 mstari wa 2, anayelitamka jina ni Ahazia mwenyewe, mgonjwa anayetafuta uponyaji. Mtu anamwombaje mungu kwa jina la matusi?

#33 Jiwe la Pembeni

Aliyeandika kisa ndiye aliyemwekea jina mdomoni. Daudi naye kwenye 2 Samweli 9 anamwita mtoto wa Yonathani "Mefiboshethi", na hakuna baba aliyempa mwanawe jina lenye aibu ndani.

#34 Mwalimu wa Zamu

Hilo ni jibu. Sijaridhika, lakini ni jibu.

#35 Kijana wa Mbagala

Na Hannibal wa Karthago ni huyo huyo Baali?

#36 Daftari Jeusi

Ndiyo, Baali amenineemesha. Na Hasdrubal, Baali amesaidia. Fungua uzi wake, tutakuja.

#37 Mama Zawadi Kigamboni

Nimewasoma wote. Nina swali moja ambalo hakuna aliyeligusa.

Ahabu alijenga nyumba ya Baali hapo hapo Samaria, 1 Wafalme 16:32. Ahazia alikuwa na Baali mlangoni. Kwa nini alale na maumivu huku watu wanakwenda mpaka Ekroni?

#38 Msafiri wa Tanga

Nimepima kwenye ramani, kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilometa 60. Kama Dar kwenda Bagamoyo, kwa miguu au punda.

#39 Binti Mwaloni

Mama Zawadi, 2011 watu walipita hospitali za mikoa mitatu kwenda kunywa kikombe cha dawa Loliondo. Mgonjwa hamfuati aliye karibu, anamfuata anayesikia kwamba aliponya. Huyo wa Ekroni alikuwa na sifa ya ugonjwa. Na ugonjwa na nzi, mimi nimeshasema.

#40 Mama Zawadi Kigamboni

Nami nilipelekwa mbali hivyo hivyo, mabasi mawili. Mama yangu alikuwa amesikia.

#41 Mchungaji Mstaafu

Mama Zawadi, swali lako sikuwahi kujiuliza. Nipe mpaka kesho niangalie wajumbe waliulizwa nini waliporudi.